Choo cha Hatua Sita

Kwa nini mtu ambaye goti lake halikunjiki apite mbele ya choo cha kukalia, hatua sita tu kutoka kitandani kwake, ashuke ngazi mbili za mlango wa nyuma, avuke uwanja wa udongo mwekundu, aupite mchikichi, halafu akachuchumae kwenye choo cha shimo huku ameshikilia ukuta? Nilijiuliza swali hilo kwa miezi saba. Chuoni wahadhiri walikuwa wameuchoka mkono wangu, maana ulikuwa juu kila wakati. Hilo moja lilinishinda. Aliyekuwa na jibu lake ni mama yangu, na yeye kila nilipomuuliza alinipa jibu la swali jingine.

Nyumba yetu iko Ujiji, ya tofali za kuchoma, vyumba vinne na korido katikati. Marehemu baba aliijenga kabla sijazaliwa, akaweka choo na bafu nje, mwisho wa uwanja, kama kila mtu alivyofanya enzi zake. Mwaka niliomaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira, mama aliteleza akitoka huko chooni, mvua ikinyesha. Goti likavimba kama boga. Daktari alimfunga, akampa fimbo, halafu akaniita pembeni. Goti lisikunjwe, akasema, na mama yako asianguke tena. Akianguka tena, nyonga ikivunjika, mtamuuguza kitandani.

Nilitoka hospitali nikiyapigia hesabu maneno hayo. Kuchuchumaa hawezi, kuanguka haruhusiwi, na choo chake ni cha kuchuchumaa, tena kiko mahali pa kuanguka. Nani anahitaji shahada kuliona hilo? Nikaamua choo kihamie ndani.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa limepanda. Dada yangu na mumewe walikuwa wamepanga nyumba karibu na ufukwe wa Kibirizi, kwa sababu shemeji hununua dagaa pale alfajiri boti zinapofika. Maji yakafika barazani, yakaingia sebuleni, yakakaa. Wakaja kwetu na godoro, masufuria na televisheni iliyofungwa kwenye shuka.

"Wiki mbili tatu tu, mama," dada alisema.

"Karibuni," mama akasema. "Ziwa haliulizwi linaondoka lini."

Shemeji alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Mwanamume kulala ukweni si jambo jepesi kwake, hata mimi nililiona hilo. Tukawa watu wanne ndani ya nyumba.

Mwisho wa korido palikuwa na stoo ya majembe na magunia, mkabala na mlango wa chumba cha mama. Nilipima kwa futi. Nilichora. Nilitazama video za mafundi wa nchi tatu nne kwenye simu hadi macho yakauma. Kisha nikamwita fundi, mtu mzima kutoka Ilagala, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake, na mkono wake hauachi pima maji hata anapokunywa chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mchoro huu umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Umesomea ujenzi?"

"Hapana. Sosholojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mambo ya jamii. Namna watu wanavyoishi pamoja."

"Ego," akaitikia kwa Kiha chake, akiugeuza mchoro juu chini. "Basi wewe utatufundisha."

Sikumpenda siku ile. Nilimwona ni wale mafundi wanaojua jambo moja, na jambo hilo wanalijua kwa sababu walivyoonyeshwa ndivyo walivyofanya. Nilimuuliza kwa nini tofali zinalowekwa kabla ya kujengewa. Zisinywe maji ya udongo, akasema. Nikamuuliza kwa nini bomba la choo lisilazwe kabisa. Hapo alinyanyuka akanionyesha kwa kiganja. Bomba likilala, mzigo unabaki ndani. Likiinama mno, maji yanakimbia yanauacha mzigo nyuma. Inchi moja kwa kila mita inatosha. Nikaenda kuhakikisha kwenye simu, nikakuta ni kweli, nikaudhika.

Kazi ilichukua wiki tano. Niliponda kokoto, nilichekecha mchanga, niliubomoa ukuta wa stoo kwa nyundo na tindo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Shemeji alileta saruji na sinki la kukalia kwa mkokoteni, akalishusha uwanjani, akaondoka bila kutazama linawekwa wapi. Dada alichagua vigae vyeupe vinavyong'aa, vya sakafuni na vya ukutani, kwa sababu alivyoviona hotelini vilikuwa hivyo. Tulipomaliza, chumba kile kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba. Nilimshika mama mkono nikampeleka akione.

"Mashallah," akasema akiwa mlangoni. Mguu haukuvuka kizingiti. "Mmefanya kazi kubwa."

Kesho yake asubuhi nilisikia fimbo yake ikigonga ngazi za nyuma.

"Mama! Choo si kile?"

"Panateleza mle, mwanangu. Vile vigae kama sahani."

Alikuwa na haki. Kigae kinachong'aa ni cha ukutani. Sakafu ya bafu, hasa ya mtu mwenye fimbo, inataka kigae chenye ngozi ya mkwaruzo, kinachoshika mguu hata kikiwa na sabuni. Nilijilaumu, nikaving'oa vya sakafuni kimoja kimoja, na katika kuving'oa nikaipasua plasta ya chini, ikabidi fundi arudi. Akaweka vigae vya kijivu, vya mkwaruzo. Akaweka pima maji juu yake, akaniita nitazame kile kipovu kilivyotulia katikati.

"Imelala," alisema kwa fahari. "Kama ziwa bila upepo."

Mama akaja, akatazama, akashukuru. Jioni fimbo ikagonga ngazi.

"Sasa nini, mama?"

"Maji yanatuama mlangoni. Nimeona dada yako alipooga."

Nikaenda kumwaga ndoo. Kweli, maji yalisimama. Sakafu ya bafu haitakiwi kulala kama ziwa, inatakiwa kuinama kuelekea tundu, unene wa kidole kwa kila mita, kutoka pande zote nne. Nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nimeliandika kwenye mchoro, na nilikuwa nimesimama palepale nikikisifia kipovu. Fundi alikuja kwa mara ya tatu.

"Nilikuambia mteremko," nikamwambia.

"Uliniambia. Halafu ukaniambia safari hii nisije nikakosea, iwe sawa. Nikaifanya sawa."

"Sawa si maana yake bapa, fundi."

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaanza kugonga. Na mimi nikachukua nyundo nikagonga upande wangu, nikigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kile kigae cha kwanza nilichokivunja nilikivunja kwa makusudi.

Sakafu ikainama. Maji yakajua njia. Mama akasema panatoa harufu.

Hapa nataka niseme ukweli kwamba palikuwa na harufu, si uongo. Sinki la kukalia lina kona yake ndani, inayobaki na maji wakati wote, na maji hayo ndiyo yanayoizuia hewa ya shimo isipande. Lile tundu la sakafuni la maji ya kuogea sisi tulikuwa tumeliunga moja kwa moja kwenye bomba la shimoni, bila kona yoyote. Harufu ilipanda hapo kama moshi kwenye dohani. Tukachimba tena, tukaweka trapu, ile kona ya kubakiza maji, chini ya tundu, tukapandisha bomba la hewa mpaka juu ya bati. Ukiingia ulisikia harufu ya saruji mbichi tu. Nilisimama mle ndani asubuhi nzima nikinusa, dada akipita koridoni na kunitazama.

"Mdogo wangu, utaugua."

"Unasikia harufu?"

"Hapana."

"Basi kamwambie mama."

Dada akaenda kuosha vyombo, akavigonganisha mpaka nikadhani anavivunja. Nilimwona ni mvivu wa maneno. Kwa nini asinisaidie kumshawishi? Ni mama yake pia.

Fimbo iliendelea kugonga. Nikamfuata mama uwanjani, nikamsubiri kwa nje, nimekunja mikono. Alipotoka alikuwa akihema, jasho limemtoka kwenye paji la uso, goti limekataa.

"Mama, sasa niambie. Kuna nini tena?"

Aliuegemea mchikichi kwanza. Akatazama nyumba, akatazama chini.

"Lile sinki linatazama wapi?"

Nikaelewa. Nilijiona mjinga kwa kutofikiria kibla, halafu nikakasirika kwa nini nijione mjinga. Nilikimbia ndani, nikatoa simu, nikafungua dira, nikamrudia nayo.

"Kibla kwetu ni kaskazini, kinaegemea mashariki kidogo. Sinki linatazama magharibi. Linatazama ziwa. Linatazama Kongo, mama."

"Na Wakongo wamekukosea nini?"

Nilicheka bila kupenda. Yeye pia alicheka, na kwa muda mfupi tulikuwa sawa. Kisha akanipita, hatua moja, fimbo, hatua moja. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nainamisha uso. Nilimwambia kwamba nimeipasua mikono yangu kwa ajili yake, kwamba anafanya makusudi, kwamba akianguka asiniite.

"Sitakuita," akasema kwa upole, akaingia ndani.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nilijiambia ni ukaidi wa wazee, kwamba mtu aliyezoea kitu kwa miaka arobaini hawezi kukiacha. Nilikuwa nimesoma nadharia nzima juu ya watu kukataa mabadiliko, nikamvisha mama yangu nadharia ile kama gauni la mtu mwingine. Halikumkaa, na sikujali.

Mvua za Novemba zilianza. Udongo wetu ukilowa unakuwa kama mlenda. Nilitandaza mawe bapa kutoka ngazini hadi chooni, nikafunga kamba pembeni ashikilie. Siku ya nne ya mvua, saa za alasiri, nilisikia kishindo na sufuria likibiringika. Alikuwa ameanguka kabla ya kufika mchikichini. Hakuniita. Nilimkuta amekaa kwenye matope, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto, midomo imekuwa ya kijivu. Nyonga ilisalimika. Kifundo cha mkono kilivunjika.

Tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Siku mbili baadaye fundi alikuja kumpa pole, na ndizi mbivu kwenye mfuko. Walisalimiana na mama kwa Kiha, taratibu, wakipigiana makofi madogo ya adabu, yeye mama kwa mkono mmoja gotini. Alipotoka nilimsindikiza hadi barazani, nikammwagia hasira zangu zote.

"Fundi, niambie, kile choo kina kasoro gani iliyobaki? Wewe ni mtaalamu. Kinateleza?"

"Hakitelezi."

"Kinanuka?"

"Hakinuki. Choo kizuri. Nimewaambia watu wa Ilagala nimejenga choo kwa mchoro wa binti."

"Sasa kwa nini mama hakiingii?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuukanyagia mguu.

"Yule bwana wa dagaa ni nani humu ndani?"

"Shemeji yangu. Mume wa dada."

"Analala humu?"

"Ndiyo. Si ulimwona?"

"Nilimwona. Na yule ni mama mkwe wake."

"Ndiyo."

"Haa, binti," akasema, na safari hii hakuwa na kejeli. "Sasa mama akakalie pale alipokalia mkwe?"

Nilikuwa najua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilikuwa najua tangu utotoni. Nilikuwa nimemwona bibi yangu akijifunika khanga uso mzima baba alipopita uwanjani. Nilijua mama hali meza moja na shemeji, kwamba akisikia hatua zake anageukia pembeni, kwamba kiti anachokaa shemeji barazani yeye hakigusi. Nilikuwa nimeandika kazi ya chuo juu ya heshima ya wakwe, ikapata alama nzuri. Choo cha kuchuchumaa mtu hakigusi. Cha kukalia ni ngozi ya mtu na ngozi ya mtu, mahali pamoja. Mimi ndiye niliyelileta lile sinki ndani ya nyumba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza mteremko, uliniuliza tofali, uliniuliza mpaka mchanga. Hukuniuliza nani analala wapi."

"Na yeye kwa nini asiseme?"

"Aseme nini? Akitaja choo na mkwe kwa pamoja, amejivua nguo. Na akisema, maana yake bwana yule aondoke. Ataondoka aende wapi, ziwani?"

Aliponiacha nilikwenda jikoni. Dada alikuwa akichambua mchele. Nilimtazama, akajua nimeshajua, machozi yakamtoka kabla sijafungua mdomo.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Ningefanya nini? Nimwambie mume wangu asiende haja? Anavyoona aibu kulala hapa, angebeba godoro siku ileile."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Wewe ungeitisha mkutano sebuleni."

Ni kweli, ningeitisha.

Fundi alirudi baada ya siku tatu. Safari hii hapakuwa na mchoro. Tulikata kona ya chumba cha mama mwenyewe, tukajenga ukuta wa nusu tofali, tukatoboa ukuta wa nje tukatoa bomba likaungane na lile la kwanza kwenye chemba. Inchi moja kwa kila mita. Sakafu ya kigae cha mkwaruzo, imeinama. Trapu chini ya tundu. Pembeni ya sinki tukafunga bomba la chuma ukutani, la kushika wakati wa kuinuka, na hilo fundi alilifunga kwenye tofali kwa zege, si kwa misumari, kwa sababu chuma cha kushika kikichomoka ni kibaya kuliko kutokuwepo. Ni chumba kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mlango wake hauonekani na mtu yeyote isipokuwa aliye chumbani kwa mama. Dada alimwambia mumewe kwamba daktari ndiye aliyetaka hivyo, kwa ajili ya mkono.

Siku saruji ilipokauka, sikumshika mama mkono wala sikumwita aje kuona. Nilikaa koridoni nikijifanya nasoma. Nikasikia fimbo, hatua tatu, kisha mlango, kisha maji.

Alipotoka alisimama mlangoni kwake, ananitazama.

"Hiki kinatazama wapi?" akauliza.

"Kongo."

"Maskini Wakongo," akasema, akarudi kulala.

Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Sikumwomba radhi kwa maneno yale ya uwanjani, nilimwogesha tu mkono ule mzima kila siku mpaka plasta ilipotolewa. Nilikuwa bado na hasira, na nikiwa mkweli sijui nilimkasirikia nani. Niliikasirikia ile desturi iliyomlaza mama kwenye matope, nikajikasirikia kwamba mimi ningeweza kuizunguka kwa ukuta wa nusu tofali tangu mwanzo kama ningekuwa nimeuliza swali moja. Watu wanaoniomba ushauri wa bafu siku hizi, na wapo, kwa sababu sifa husambaa, nawaambia kwanza mteremko, trapu na kigae cha mkwaruzo. Halafu nawauliza nani analala wapi. Wengine wanacheka. Wanaocheka nawauliza mara mbili.

Dada na mumewe walihama mwaka uliofuata. Walijenga Buzebazeba, juu, mbali na maji. Miaka miwili baada ya hapo shemeji aliniita nikamsaidie kupanga bafu lao, tukawa tumeinama juu ya udongo, kamba imevutwa, nikimweleza habari za tundu la sakafuni.

"Usilifanye kama nilivyofanya lile la kwanza la nyumbani," nikamwambia. "Unakumbuka lilivyokuwa linanuka?"

"Sikumbuki, shemeji," akasema. "Mimi mle sikuwahi kuingia."

Nikadhani ananitania. Nikamuuliza ana maana gani. Alichukua muda akiikaza kamba kwenye kigingi.

"Si kilijengwa kwa ajili ya mama? Sasa mimi ningekalia vipi mahali anapokalia mama mkwe wangu?"

Alikuwa akienda msikitini kabla ya swala ya alfajiri, mchana kwenye vyoo vya soko la Kibirizi, na kuoga alikuwa akioga ziwani. Hata dada hakuambiwa na mumewe; yeye alimwambia tu kwamba anapenda hewa ya ufukweni. Tangu choo kile kilipomalizika mpaka siku walipohama, tulikitumia watu wawili tu, mimi na dada.